Pembejeo za soya: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kingoje

Mkulima mdogo wa soya wa Songea, Namtumbo au Mbozi akiingia duka la pembejeo, mara nyingi huanza kuulizia dawa ya wadudu. Mimi naiweka mwisho kabisa.

Namba moja ni mbegu inayostahimili kutu. Kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu, hushika majani ya chini karibu na kipindi cha maua, ikayafanya manjano na kuyapukutisha maganda yakiwa bado matupu. Ilipobainika Uganda mwaka 1996 ilizielemea aina zilizokuwa zikilimwa, na Chuo Kikuu cha Makerere kikazalisha aina za Maksoy zenye ukinzani. Huku kwetu Tanzania waulize TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ni Uyole Soya ipi inayofaa mwinuko wa shamba lako. Chukua mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kisha oteshea punje 100 nyumbani. Zikiota chini ya 80, usipande, maana mbegu ya soya hupoteza uhai upesi ikikaa kwenye joto.

Namba mbili ni magugu, na hapa pesa nyingi huharibika. Soya ikisongwa katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo hairudi tena. Chaguo langu la kwanza ni dawa ya kupuliza baada ya kupanda, kabla soya haijachomoza: tafuta S-metolachlor kwenye lebo. Udongo uwe na unyevu, la sivyo umemwaga hela. Hiyo huzuia zaidi nyasi zinazoota kwa mbegu. Ndago iliyokwisha kujikita itataka jembe. Chaguo la pili ni palizi mbili za mkono, kama vibarua wanapatikana kwa wakati. La tatu ni dawa za baada ya kuota: fluazifop au quizalofop kwa nyasi, bentazon kwa majani mapana kama kishonanguo yakiwa bado machanga. Nimeziweka nyuma kwa sababu unalipia chupa mbili.

Tafadhali sana: atrazine ya mahindi huua soya, na 2,4-D vilevile. Glyphosate ni ya kusafishia shamba kabla soya haijaota, basi. Bomba la kupulizia la kuazima lioshwe kwanza, kwa sabuni, mara kadhaa.

Namba tatu, dawa ya kutu. Lipia yenye viambato viwili, mfano azoxystrobin na tebuconazole. Kuvu hii huzoea kiambato kimoja. Brazil wameyaona hayo. Mancozeb ni ya bei nafuu, ila hukinga juu ya jani tu na mvua huiosha. Soya inapoanza maua, pindua majani ya chini ukague vipele vya kahawia. Mbegu ikiwa kinzani na msimu mkavu, hela hiyo inaweza kubaki mfukoni.

Dawa ya wadudu usiinunue kabla ya kukagua. Kabla ya maua soya huvumilia kupoteza karibu theluthi ya majani yake. Maganda yakianza kujaa, tandika kitambaa cheupe kati ya mistari na utikise mimea. Ukiona kunguni wa kijani wengi, hapo nunua lambda-cyhalothrin iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, upulize jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani, na uhesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna.