Uzoefu wangu: mgongo, mguu wa klachi na kituo cha fiziotherapia Jinja

Naendesha lori la mizigo kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenda Kampala, safari nyingine napitiliza hadi Mbarara na Katuna. Huu ni mwaka wa 14. Mwezi wa pili tulikuwa Malaba kwenye foleni ya forodha, nikainama kukaza kamba ya turubali, kiuno kikashika. Nikadhani ni uchovu. Siku ya tatu maumivu yakateremka: kalio la kushoto, nyuma ya paja, kigimbi, hadi kidole kidogo cha mguu. Ilikuwa kama waya wa umeme umepitishwa ndani ya nyama, na kila nikikohoa mtu anaugusa. Kukaa ndiko kulikoniumiza zaidi, na kazi yangu ni kukaa. Tena huo ndio mguu wa klachi.

Naandika haya kwa madereva wenzangu, vijana wa boda na kina mama wanaobeba marobota pale soko la Owino, Kampala, kwa sababu nilipoteza miezi mitatu kabla ya kufika panapostahili.

Kwanza nilikwenda kliniki ndogo karibu na mpaka. Hakuna aliyenigusa mgongo. Nilijieleza nikiwa nimesimama maana kukaa nilishindwa, nikapimwa damu na mkojo, nikaambiwa ni figo na taifodi. Nikachomwa daiklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, siku tatu mfululizo, kwenye kalio lilelile linalouma. Nikalala vizuri siku mbili, nikamwambia mama watoto nimepona. Siku ya tano maumivu yamerudi vilevile, na sasa tumbo nalo linawaka. Nikarudi kuchomwa tena. Baadaye ndipo nilipoelewa mambo mawili yaliyonitia hofu. Dawa ile ikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na huumiza figo, yaani figo zilezile walizosema wanazitibu. Na ile neva ya mguu, ambayo ni nene kuliko neva zote za mwili, inapita ndani ya kalio, kwa hiyo sindano ikichomwa pasipo pake inaweza kuijeruhi. Hapa Uganda wapo watoto waliolemaa mguu kwa sindano za namna hiyo. Kama ni lazima uchomwe hapo, iwe robo ya juu upande wa nje.

Kisha nikapelekwa kwa mzee mkandaji. Alinikandamiza kwa goti. Siku tatu nilienda chooni kwa kushikwa mkono. Sidharau kukandwa, kitambaa cha maji moto na mkono laini wa mke wangu vilinisaidia kulala usiku mwingi. Ila goti la mtu kwenye uti wa mgongo unaouma, hapana.

Nikapiga eksrei, nikaambiwa pingili zimechakaa. Picha ile huonyesha mifupa; diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, na neva haivionyeshi, na watu wengi wa umri wangu wana pingili za namna ile na hawaumwi popote. Daktari mmoja Kampala aliniambia nijiandae kwa upasuaji, kabla hata sijapiga MRI, picha inayoonyesha hadi diski na neva, ambayo nilitajiwa shilingi laki sita za Uganda. Nilitoka pale nikihesabu nitauza nini.

Dereva mwenzangu ndiye aliyenielekeza Jinja, kwenye kituo kidogo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, chenye vyumba viwili na vitanda vitatu. Musawo, ndivyo tunavyomwita mganga wa hospitali huku, ni dada kijana. Nakiri nilipomwona nilitamani kumwuliza mkubwa wake yuko wapi, na leo namwomba radhi kwa wazo lile.

Alinihudumia saa nzima. Alianza kwa maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mzee wangu, mkojo unaushika? Choo je? Kuna ganzi katikati ya mapaja, pale unapokalia tandiko la baiskeli? Umekonda? Unatoka jasho usiku? Unakohoa?" Nikamwuliza kikohozi na mguu vinahusianaje. Akasema kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na mwenye dalili hizo hamshiki, anampeleka hospitali. Na mtu aliyeshindwa kuzuia mkojo ghafla, au mwenye ganzi ile ya mapajani, anatakiwa afike hospitali kubwa siku ileile, asisubiri kesho.

Halafu akanilaza chali, akainua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu, umeme ukapiga hadi kidole kidogo. Akachukua nyundo ndogo ya mpira, akagonga nyuma ya kifundo cha kulia: wayo ukaruka. Akagonga wa kushoto: kimya. Akagonga tena, kimya. Akaniambia nisimame kwa ncha ya mguu wa kulia mara kumi, nikaweza. Wa kushoto uligoma mara ya tatu. Pale ndipo nilipojua kwa nini klachi ilikuwa nzito tangu mwezi wa tatu, na mimi nilikuwa nimemlaumu fundi.

Akanichorea kwa kalamu: diski ni kama mto kati ya pingili na pingili, umetokeza nyuma na kubana mzizi wa neva. Kwa wengi hali hiyo hutulia yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, mradi mtu asilale kitandani mchana kutwa. Nilikuwa nimelala sana.

Tiba yenyewe? Nilale kifudifudi, kwanza kwa viwiko, kisha nisukume kifua juu kwa mikono huku kiuno kikibaki kitandani. Mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu. Basi. Niliona nimeibiwa. Lakini siku ya nne maumivu yaliondoka kigimbini yakabaki kwenye paja. Wiki ya pili yakapanda kwenye kalio. Kiuno kikauma zaidi, nikampigia simu kwa wasiwasi, akafurahi: maumivu yakirudi juu kuelekea mgongoni ni dalili njema, yakishuka mguuni, acha zoezi uniambie.

Tafadhali usinakili zoezi langu kabla hujapimwa. Mama wa jirani yangu, mtu mzima, anapata nafuu akiinama na anaumia akinyooka; njia ya neva zake imekuwa nyembamba, na zoezi hili lingemtesa.

Jambo jingine aliloligundua ni pochi. Mfuko wangu wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa na leseni, noti na risiti za mwaka mzima, na nilikuwa naukalia kutoka Malaba hadi Kampala. Sasa pochi inakaa kwenye dashibodi.

Gharama: siku ya kwanza shilingi 70,000, kila siku iliyofuata 50,000. Nilikwenda mara saba ndani ya wiki tisa, jumla 370,000, mbali na nauli. Kwa asiyeweza, hospitali kubwa za rufaa za serikali kama Mulago zina idara ya fiziotherapia. Omba kwa jina hilo upelekwe huko, usiridhike na karatasi ya dawa peke yake.

Yasiyonifurahisha yapo. Wanafunga saa kumi na moja jioni na Jumapili hawafungui, na dereva hapangi saa zake. Mara mbili nilikuta mlango umefungwa. Karatasi ya mazoezi ni ya Kiingereza tupu. Tanboi wangu ndiye aliyenisomea. Nimewaomba waiandike kwa Kiswahili na Kisoga, wamesema watafanya, bado nasubiri.

Nimerudi barabarani. Nasimama Lugazi, nasimama Najjembe, nashuka, naweka mikono kiunoni na kujikunja nyuma mara kumi kando ya gurudumu. Wauza kuku wa Najjembe wameshanizoea.

Wiki iliyopita nilipita tena kituoni. Nilisimama kwa ncha ya mguu wa kushoto mara kumi na tano bila kushika ukuta. Kidole kidogo bado kina ganzi. Musawo akachukua nyundo yake, akagonga nyuma ya kifundo cha kushoto, sote wawili tukiangalia. Wayo ukacheza, kidogo tu.