Rangi si imetoka? Yaliyonikuta kwa fundi wa grainda

Naandika maoni haya, ya kumpa fundi nyota zake, nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno ya upole humu hatayapata.

Nina mashua ndogo ya mbao hapa Pangani, ya kupeleka wageni kisiwa cha Maziwe, na wageni wakikosekana inakwenda kuvua. Niliinunua ikiwa imeshapakwa na kila aliyewahi kuimiliki. Ukikwangua kwa ukucha unakuta nyeupe, chini yake buluu, chini ya buluu kijani, halafu nyekundu moja nzito ya zamani ambayo hata jua limeshindwa nayo. Zile za juu zilikuwa zinabanduka mapande mapande. Ukipaka rangi mpya inakaa mwezi, kisha inaondoka pamoja na ile iliyoikalia.

Basi mwaka jana hivi, kaskazi ikielekea ukingoni, nikaamua itoke yote, tuanze upya na mbao tupu. Wenye vyombo wanaijua hesabu yake. Unapandisha kwenye bamvua, maji yakiwa juu kabisa, na kuanzia hapo una kama wiki mbili mpaka bamvua lijalo lije likinyanyue chombo. Ukilikosa, unabaki na gogo mchangani na wageni wanapigia simu mwenzako.

Mzee mmoja anayekwangua kwa mkono alisema siku kumi. Kijana mwenye grainda akasema siku mbili. Mimi, na akili zangu timamu, nikamchukua wa siku mbili. Tulikubaliana laki moja na themanini, nikatanguliza tisini, na petroli ya jenereta juu yangu. (Niliwahi kufikiria dawa ya kupaka, ile inayovimbisha rangi ikatoka kama utando wa uji. Lakini binamu yangu aliipaka kwenye boti yake ya faiba huko Dar, ikatoa rangi, ikaendelea na faiba yenyewe. Nikaogopa hata kwenye mbao.)

Siku ya kwanza sina neno. Ubavu wa kushoto, sehemu ya juu, ulitoka msafi, mbao inang'aa utadhani imerandwa jana. Nilimpigia mke wangu nikamsifia yule kijana. Nataka mjue kwamba nilimsifia.

Siku ya pili asubuhi nilivuka Bweni kwa shughuli zangu. Wakati wa kurudi, pantoni ikiwa bado katikati ya mto, nikaanza kuona vumbi. Jekundu. Linapaa kutoka pale ilipo mashua yangu na kulala taratibu juu ya turubai la mama mmoja aliyeanika dagaa. Nilipofika huyo mama alikuwa ameshamaliza matusi yote ya kwao na ameanza ya kwetu. Ile nyekundu ya chini ni rangi ya kuua viumbe vya baharini visishike kwenye mbao. Sasa imekaa juu ya kitoweo cha watu. Dagaa wake wote nililipia, elfu ishirini na tano, na nikawafukia mwenyewe.

Fundi yuko wapi? Yuko chini ya mti, anaongea na simu. Aliyeshika grainda ni mtoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba, pekupeku, hana miwani, mdomoni hana hata kitambaa. Nikamwambia zima. Hasikii. Nikachomoa waya.

Ndipo nikaona. Ametoa diski ya msasa, ameweka brashi ya waya, na ile brashi imevaa kitu cheupe, kimejisokota pande zote kama utambi wa taa. Nikakishika. Pamba. Pamba ya kalafati, ya kuziba maungio ya mbao za mashua yangu! Ile iliyolowekwa mafuta, ikapigwa kwa nyundo na patasi, mshono kwa mshono, na mtu aliyekaa kitako mchangani siku nzima. Huyu ameing'oa kwa nusu saa. Nikiinama upande huu, nauona mwanga wa upande wa pili. Na pale ambapo diski ilipita kabla, mbao imechimbwa vijimwezi vijimwezi, vyote vimeelekea upande mmoja, na vichwa vya misumari vimesuguliwa mpaka zinki imeisha. Msumari wa chuma usio na zinki, baharini, hauhitaji mtabiri.

Nikamwita mkubwa wake. Alikuja bila haraka, simu bado iko sikioni. Akaitazama mashua, akanitazama mimi, akasema:

"Bosi, kazi ilikuwa kutoa rangi. Rangi si imetoka?"

Nikamwonyesha pamba.

"Mambo ya pamba hatukuongea."

Hatukuongea! Fundi nguo ukimpelekea suruali akupunguzie urefu, mnaongea kwanza kwamba asikate na mguu? Ningeweza kumsamehe brashi ya waya. Kuna watu hawajui, na mtu asiyejua unamfundisha. Lakini ile "rangi si imetoka" nimelala nayo, nimeamka nayo, na hata leo mke wangu akitaka kuniudhi ndiyo anayoniambia. Juzi kaunguza wali, kanitazama, kasema, "Wali si umeiva?"

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na hiyo moja ni ya yule dogo, kwa kuwa alinisaidia kufukia dagaa.

Nikaenda kwa yule mzee wa siku kumi, nimeinamisha kichwa. Shikamoo yangu aliiitikia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alikuja na kikapu chake: patasi mbili butu, nyundo ya mti, tupa ya zamani aliyoinoa ikawa ya kukwangulia, na kipande cha kioo cha dirisha. Hakusema lolote kuhusu grainda. Alitembea kutoka omo mpaka tezi akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni, lile gogo la chini kabisa, akasimama, akagonga tena, akachomoa kisu na kukisukuma pale pamba ilipokuwa imeng'oka. Kikaingia mpaka kwenye mpini. Alipokitoa kilikuja na unga mweusi, na ndani kumejaa vijitundu vya wadudu, mbao imekuwa kama sega la nyuki.

"Mwanangu," akasema, "huu mimi ningeukwangua vizuri, ukaupaka rangi yako vizuri, mkaenda nao Maziwe."

Wanaopajua Maziwe wanajua kwamba maji yakijaa pale hakuna kisiwa. Ni bahari tupu. Nikakaa chini.

Kwa hiyo sasa nimpe nyota ngapi? Mzee mwenyewe amesema pamba na rangi nzito vilikuwa vimeuficha ule ubao. Brashi ile ile iliyonitia hasara ndiyo iliyoufichua. Tatu, basi. Lakini hakuufichua yeye! Alikuwa kwenye simu! Mbili. Na kwa mashua ya mbao, nawaambia wazi, grainda isikaribie maungio. Ipite juu tu, kwa diski laini, na wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapo. Huku chini ni tupa, kioo na subira, na rangi za namna ya ile nyekundu zilowekwe maji kwanza zisiruke.

Bamvua lile nililikosa, na lililofuata pia. Mzee alibadilisha ubao, akakalafati upya. Mashua iko majini, na asubuhi nachota kata mbili tu za maji yaliyoingia, kama zamani.

Wiki hizi mbili tatu fundi wa grainda akapiga simu. "Bosi, nasikia ule ubao ulikuwa umeoza. Si unaona sasa?" Kisha akaulizia salio lake. Nikakaa na kalamu. Tisini, toa dagaa ishirini na tano, toa pamba na mafuta thelathini na nne, toa misumari ishirini. Imebaki elfu kumi na moja. Nikamtumia, pamoja na hesabu yote, mstari kwa mstari, ajisomee.

Akajibu: "Asante bosi. Ukipata chombo kingine niambie."