Ramani za bahari za NOAA: huduma ya bure isiyoficha udhaifu wa vipimo vyake

Katika huduma zinazomhusu nahodha na rubani wa meli, naiheshimu sana ile ya Ofisi ya Upimaji wa Pwani ya Marekani, iliyo chini ya NOAA, idara ya nchi hiyo inayoshughulikia bahari na angahewa, na sababu kubwa ya heshima hiyo ni uwazi wake. Ofisi hii, ambayo chimbuko lake ni sheria iliyotiwa saini na Rais Thomas Jefferson mwaka 1807, hutoa ramani za kielektroniki za maji ya nchi yake bila malipo, pamoja na vitabu vya mwongozo wa pwani, ilhali Uingereza, ambayo ramani zake zimeenea katika bahari zote, huziuza.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ramani ya kielektroniki haitoi tarakimu za kina peke yake, bali pia hueleza ubora wa upimaji uliozileta. Kila eneo limepewa daraja: nyota sita kwa maji yaliyofagiwa yote kwa vyombo vya kisasa vya mawimbi ya sauti, na nyota mbili kwa yale ambayo hitilafu kubwa za kina zinaweza kutarajiwa. Daraja la nyota tatu huruhusu kosa la mita 2 pamoja na asilimia 5 ya kina, kwa hiyo pale palipoandikwa mita 12 panaweza kuwa na upungufu wa mita 2.6. Kwa meli iliyosheheni, tofauti hiyo yatosha kuipandisha mwamba.

Hayo yalidhihirika tarehe 7 Agosti 1992, pale meli ya abiria Queen Elizabeth 2 ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, jimbo la Massachusetts. Ramani ilionyesha futi 39 mahali hapo, na meli ilihitaji takriban futi 32. Ni kweli kwamba wachunguzi walitaja pia mwendo wa meli, ambao huifanya izame zaidi inapopita kwenye maji machache, na upungufu wa mashauriano kati ya rubani na nahodha. Lakini eneo lile lilikuwa limepimwa mara ya mwisho mwaka 1939, kwa bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi inayoteremshwa hadi chini kupima kina. Bildi hugusa nukta moja, kisha nukta nyingine mbali kidogo, na mwamba ulio katikati hubaki bila kujulikana. Baharia anayesoma namba ya mwaka 1939 sawasawa na namba ya juzi anastahili kuonywa, na onyo hilo sasa limo ndani ya ramani yenyewe.

Lawama yangu ni kwamba nyota hizo hazionekani mpaka mtumiaji aziite kwenye skrini, na katika shughuli za kuingia bandarini wengi hawaziiti. Ningependa daraja duni lijitokeze lenyewe pale njia iliyopangwa inapolikata.

Ramani za karatasi za zamani zilikoma kutolewa mapema mwaka 2025. Badala yake ipo programu ya mtandaoni ambamo mtu huchagua kitovu, kipimo na ukubwa wa karatasi, kisha hupata faili la kuchapisha mwenyewe. Inafanya kazi vizuri, ingawa maandishi hupandana mahali penye alama nyingi, na karatasi kubwa huhitaji mashine ambayo watu wachache wanayo. Jambo zito zaidi ni masahihisho: ramani ya kielektroniki huhuishwa kila wiki, lakini uliyokwisha kuichapisha hubaki kama ilivyo, hivyo anayeitegemea hana budi kuichapisha upya kabla ya safari.

Anayekuta boya lisilo mahali pake au kina kisicholingana na ramani anaweza kuripoti kupitia ukurasa wa ofisi hiyo uitwao ASSIST, na mvuvi mwenye mashua ndogo hupeleka taarifa yake kwa njia ileile anayoitumia nahodha wa meli ya makontena.