Apu, saa ya gofu au daftari la buku? Nimevijaribu vyote Mufindi

Kamwene wana gofu! Hili swali la "handikapu yangu naitunzaje" nimeulizwa pale klabuni mpaka mdomo umechoka, acha niandike mara moja yaishe. Mi naishi Mafinga, nauza mbao, Jumapili nikipata nafasi napanda Mufindi kucheza kwenye ule uwanja wa katikati ya chai. Gofu nimeianza ukubwani, kwa hiyo usisome hapa ukadhani unaongea na fundi, ila kwa zaidi ya mwaka sasa nimehangaika na namba zangu kwa njia tatu: apu ya simu, saa yenye sensa ya kuazima, na daftari la buku pale dukani kwa jirani.

Kwanza kuna kitu watu wanachanganya. Handikapu ni habari moja na takwimu za mchezo ni habari nyingine kabisa. Handikapu ni namba ya kukuwezesha kucheza na aliyekuzidi bila kuonewa, tangu 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia unaosimamiwa na watunga sheria za gofu duniani, R&A na USGA, na namba inayotambulika kwenye mashindano ni ile inayopitia klabu yako na chama cha nchi, huku kwetu TGU (akina mama wana TLGU yao). Apu ya bure ukiiwekea skoa zako (idadi ya mikwaju uliyopiga) nayo itakupa namba nzuri tu, ila ukifika nayo mezani siku ya mashindano ukasema "mi simu yangu inasema 16" utachekwa. Mi nilichekwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia nenda kwa katibu wa klabu umuulize skoa zinapelekwaje, na uwanja unaochezea una kosi retingi (skoa anayotarajiwa kupiga mchezaji mahiri pale) na slopu (uwanja unavyozidi kuwa mgumu kwa sisi wa kawaida) gani, maana bila hizo namba mbili hakuna hesabu.

Hesabu yenyewe wala sio ya kutisha. Tuseme umepiga 95, retingi ya uwanja ni 71.2 na slopu 128. Unatoa 71.2 kwenye 95 unabaki na 23.8, unazidisha kwa 113 (hiyo ndo slopu ya uwanja wa kawaida), unagawa kwa 128, inakuja 21.0. Hiyo ndo alama ya siku hiyo. Ukifikisha raundi 20 unachukua 8 nzuri, yaani ndogo, kuliko zote unatafuta wastani, basi. Raundi mpya ikiingia ya zamani kabisa inadondoka, ndo maana unaweza ukacheza vizuri leo na handikapu bado ikapanda, kwa sababu iliyodondoka ilikuwa nzuri zaidi, na hapo watu wanadhani wameibiwa. Kuanza unahitaji jumla ya mashimo 54 tu, yaani raundi tatu za mashimo 18, na jumla hiyo unaweza kuipata hata kwa vipande vya mashimo 9. Sisi tunaochungulia uwanja jioni baada ya kazi tulifurahi mabadiliko ya 2024, maana ukicheza 9 siku hizi mfumo unakukadiria nusu iliyobaki hapo hapo, zamani ilikuwa mpaka usubiri 9 nyingine uziunganishe.

Haya, sasa apu. Sitaji jina lake, sitaki ugomvi na mtu. Mwezi wa kwanza niliipenda kweli, unaona umbali mpaka katikati ya grini (pale penye majani mafupi na shimo), unaweka skoa, inakuchorea vigrafu vya rangi. Shida ikaanza taratibu. Ramani ya uwanja ilikuwa imechorwa ovyo, shimo moja grini imewekwa pembeni kabisa, ukiifuata unapiga mpira kwenye chai. Halafu takwimu zenyewe, zile nilizokuwa nazitaka, zimefungwa mpaka ulipie kwa mwaka kwa dola. Nikalipia. Ukungu wa Mufindi ukishuka vidole vimeganda, skrini imelowa haisikii mguso, wenzako wanne wamesimama wanakusubiri uandike pati ngapi (mikwaju ya kuusukuma mpira shimoni), aisee unajisikia vibaya. Shimo la kumi na mbili chaji inaelekea kukata. Nikajikuta naandika skoa za kubuni nikiwa kwenye gari narudi, sasa takwimu za kubuni za nini si bora ulale.

Saa alikuja nayo shemeji kutoka Dar akaniachia kama miezi miwili. Hapa lazima niwe mkweli, kitu kizuri. Zile sensa unazifunga kwenye mkia wa fimbo, wewe unapiga tu, huandiki. Ukitaka kununua fahamu kwamba hazifanani kwa malipo: Arccos inataka ada kila mwaka juu ya sensa zenyewe, Shot Scope ukishanunua huna ada, Garmin saa zao zinajitegemea ila sensa za CT10 unanunua pembeni. Mwenye hela na anayecheza mara tatu kwa wiki aangalie huko, simkatazi.

Ila kuna jambo ambalo hakuna mtu aliniambia. Mufindi tuko juu, zaidi ya mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali. Saa ikajifunza kwamba fimbo yangu ya aiyoni 7 inaenda mita 150. Nikashuka Dar kwa shughuli za mbao, nikaalikwa uwanja wa Lugalo, nikaiamini saa, kila mpira unaanguka kabla ya grini, bunka (shimo la mchanga), bunka, majani. Nilidhani nimeugua. Kumbe kwa mwinuko kama wetu tofauti na pwani ni kama asilimia 6 au 7, yaani ile 150 kule ni kama 140 tu. Kwa hiyo wewe wa Mbeya, Iringa au Njombe ukisafiri na umbali wako wa nyumbani punguza, na kama saa yako inakuruhusu kutenganisha raundi za huku na za pwani fanya hivyo.

Shemeji akachukua saa yake, nikabaki na daftari. Daftari buku, penseli mia mbili (penseli, usibebe kalamu, wino na ukungu haviivi chungu kimoja), vyote ndani ya mfuko wa nailoni, jumla hata soda mbili hazifiki. Kila shimo mstari mmoja. Skoa. Feawei, ile njia ya majani yaliyofyekwa, nimeipata au sijaipata. Grini, yaani nimefika juu yake nikiwa bado nina mikwaju miwili ya kupata pari (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) au hapana. Pati ngapi. Na mbele ya pati naandika pati ya kwanza ilikuwa hatua ngapi toka shimoni, napima kwa miguu wakati natembea kwenda kuangalia mteremko, haichukui hata sekunde.

Hizo hatua ndo dhahabu, acha nieleze. Mi nilikuwa najihesabia pati 36 kwa raundi nikawa najilaumu sijui kuputi, nimeangalia video za kuputi mpaka bando limeisha. Lakini idadi ya pati peke yake inadanganya. Anayekosa grini kila mara akachipu mpira karibu na shimo atakuwa na pati chache kuliko anayefika grini kwa mbali, na huyo wa pili ndo mchezaji bora. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia ndo alikaa akaitengenezea dawa, kwamba kila mkwaju uulinganishe na wastani wa mikwaju inayohitajika kutoka umbali ule, na PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, wakaanza kuitumia kwenye kuputi mwaka 2011. Mfano wake mwepesi: kutoka kama mita mbili na nusu hata hao wakubwa wa dunia wanaingiza nusu tu, wastani wao ni pati 1.5. Kwa hiyo ukiingiza umeokoa nusu mkwaju, ukipiga mbili umepoteza nusu. Mimi na hatua zangu sifiki kwenye hesabu zote hizo, ila nilivyofungua daftari nikakuta pati zangu nyingi za kwanza zinaanzia hatua 12, 15, 18! Hapo nani asiputi tatu? Tatizo lilikuwa kule nyuma, weji yangu, fimbo ya mikwaju mifupi, inaniacha mbali.

Na safu ya mwisho ambayo hakuna apu duniani iliyonipa: CHAI. Mpira ukipotelea kwenye chai naandika C. Raundi kumi za kwanza nilikuwa na C ishirini na saba, na zote isipokuwa nne ni za dreva (fimbo ya kupigia mbali) upande wa kulia. Ishirini na saba bwana! Kila moja mkwaju wa adhabu juu, na mpira mpya haupatikani kwa bei ya nyanya. Kwenye mashimo mawili nikaweka dreva begini nikaanza na aiyoni 5, skoa ikashuka mikwaju minne mitano kwa raundi bila mwalimu.

Usiku nyumbani naingiza kwenye Excel, inachagua 8 ndogo kwenye 20 yenyewe. Tahadhari mbili kwa mtakaoiga. Kwanza, shimo likikuharibikia usiandike 11 kwenye hesabu ya handikapu, mwisho wake ni pari jumlisha mbili jumlisha mikwaju ambayo handikapu yako inakupa pale (kama bado huna handikapu ni pari jumlisha tano). Pili, Excel yangu haikuwa na breki, na mfumo rasmi unayo: ukipanda zaidi ya 3.0 juu ya namba yako ya chini ya mwaka mzima kinachozidi kinakatwa nusu, na juu ya 5.0 hupandi kabisa. Ndo maana mimi na karatasi ya klabu tulitofautiana pointi kadhaa nikapiga kelele bure. Breki hiyo imewekwa kwa ajili ya wale jamaa wanaochemka makusudi miezi mitatu halafu siku ya mashindano wanabeba jiko la gesi, mnajijua.

Kwa hiyo ya klabu kwa handikapu, daftari na Excel kwa mengine, apu nimeibakiza ya bure ya kuangalia umbali tu nikiwa uwanja wa ugenini. Daftari siku hizi analishika kijana anayenibebea begi, na ameshalizoea kiasi kwamba nikishika dreva anaandika C kabla mpira haujatua.