Murphy wa buluu na vielezi vya kulinganisha: kinunue, ila usianzie sura ya 105

English Grammar in Use, kitabu cha sarufi ya Kiingereza cha Raymond Murphy chenye jalada la buluu, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1985, na toleo la tano ni la 2019. Kina sura 145, kila moja kurasa mbili zinazotazamana: maelezo kushoto, mazoezi kulia. Hapa tunakipima kwa jambo moja tu, tena lile linalowaangusha hata wenye Kiingereza kizuri: kulinganisha vielezi, yaani kusema fulani anafanya jambo kwa kasi, kwa uangalifu au kwa ubora kuliko mwenzake, au kuwapita wote.

Ulinganishi umewekwa sura ya 105 hadi 108. Tatizo ni kwamba sura hizo zimesimama juu ya vivumishi, na vielezi vimechomekwa humo kama wageni. Mwanafunzi anayeruka moja kwa moja hadi 105 hutoka akijua "cheaper" na "more expensive", kisha anaandika "She sings nicer" kwenye insha na kukatwa alama. Anza na 100 na 101. Hizo ndizo zinazotenganisha "quick" na "quickly", na kuonyesha kwamba "fast", "hard" na "late" hubaki vilevile zikiwa vielezi. Hapa pana mtego: "hardly" si kielezi cha bidii. "He works hard" ni kumsifu mtu. "He hardly works" ni kumwita mtu mvivu, na ukitaka kulinganisha bidii utasema "harder", basi.

Ukishapita hapo, 105 inasomeka vizuri. Vielezi vyenye "-ly" mwishoni vinatanguliwa na "more": "more slowly", "more carefully". Vifupi visivyo na mkia huo vinaongezewa "-er": "faster", "later", "sooner". "Early" inakuwa "earlier" ingawa ina "-ly", na jinsi "y" inavyogeuka "i" imeelezwa katika nyongeza ya 6 huko nyuma, ambayo wengi hawaifungui. "Often" inapendelea "more". Kisha kuna wakorofi wa kukariri: "well" huwa "better", "badly" huwa "worse", "far" huwa "further" au "farther".

Ambacho Murphy hakupi ni onyo kwa Mswahili, na si kosa lake, maana anaandikia dunia nzima. Sisi husema "anakimbia haraka kuliko mimi": kielezi hakiguswi, mzigo wote unabebwa na "kuliko". Ndiyo maana tunaandika "She runs fast than me". Na kwa kuwa tumezoea kuongeza "zaidi", tunazaa "more better" na "more faster". Kwa hiyo kila ukimaliza zoezi, pitia majibu yako kwa maswali matatu. Je, neno linaeleza kitendo au linaeleza mtu? Je, umelibadilisha mara moja tu, kwa "-er" au kwa "more", si kwa vyote viwili? Je, "than" ipo pale unapomtaja unayemlinganisha?

Sura ya 106 ndiyo tamu kuliko zote. Inafundisha kupima ukubwa wa tofauti: "much faster", "a bit more slowly", "far more often". "Very faster" haipo kabisa. Humo pia mna ule muundo wetu wa kadiri na ndivyo: "The earlier we leave, the sooner we will arrive". Sura ya 107 ni ya "as ... as", nayo haina ugumu: "as fast as", kielezi kikibaki kama kilivyo.

Sura ya 108 ndiyo inayopwaya. Inahusu kiwango cha juu kabisa, lakini uzito wake uko kwa vivumishi. Anayetaka "hardest", "most carefully" au "furthest" kama vielezi ataondoka na njaa. Hilo pengo lijaze mwenyewe kwa mambo yenye takwimu. Riadha inafaa sana. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09. Kelvin Kiptum akakimbia ya Chicago mwaka 2023 kwa 2:00:35. Andika: "Kiptum ran 34 seconds faster than Kipchoge". Halafu mlinganishe Kipchoge na nafsi yake, kwa kuongeza 1:59:40 ya Vienna mwaka 2019, mbio ambazo hazikuhesabiwa rasmi: "Kipchoge ran fastest in Vienna". Hapo "the" haihitajiki, kwa sababu ni mtu yuleyule katika nyakati tofauti. Ukiwashindanisha watu, "Who ran fastest?" na "Who ran the fastest?" zote zinakubalika.

Mazoezi yenyewe mengi ni ya kujaza nafasi. Yanafaa kwa mtihani, na mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, atayatambua mara moja, lakini hayakulazimishi kutunga. Jibu kwenye daftari, si kitabuni, ili wiki ijayo uyarudie bila kuona majibu yako ya zamani. Kisha kwa kila sura tunga sentensi zako tano.

Kabla ya kulipa, angalia jalada. Kuna chapa yenye majibu na nyingine isiyo nayo. Hiyo ya pili ni ya darasani, na anayejisomea peke yake itamtesa. Nakala za fotokopi zikague mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu majibu na nyongeza viko nyuma, na huko ndiko kurasa hupungua. Anayeanza kabisa Kiingereza aache wa buluu na achukue mwekundu, Essential Grammar in Use, wa mwandishi huyohuyo.