TAHADHARI: Anauza kadi ya Ernie Banks ya 1954, anaongea Kiswahili, na ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaokusanya kadi za besiboli au mnaowanunulia watoto wenu, nawaomba msome habari hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu yeyote anayewauzia kadi ya mwaka 1954 ya Ernie Banks, nyota wa zamani wa besiboli. Kuna tapeli anatuzungukia sisi wazungumzaji wa Kiswahili. Ana adabu, ana subira, na mimi ameniliza dola 1,000: dola 850 za kadi na 150 za mpira wenye saini.

Jina alilonipa siliandiki kwa sababu halina maana, hulibadilisha kila mara. Kwangu alikuwa mtu wa Tanga. Kwa dada mmoja wa Ohio alikuwa mzaliwa wa Bujumbura. Ila picha anazotuma ni zilezile, na maneno yake ni yaleyale, kwa hiyo hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Kwanza mjue kwa nini nilinasa. Niko Chicago tangu 2011, na Cubs, timu ya besiboli ya hapa, niliwapenda kwa sababu ya usiku mmoja, tarehe 2 Novemba 2016. Tulikuwa zamu ya usiku ghalani, msimamizi akaturuhusu kuwasha televisheni kwenye chumba cha kulia. Mchezo wa saba wa fainali, kule Cleveland. Awamu tisa zikaisha sita kwa sita, mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, kisha Cubs wakashinda nane kwa saba katika awamu ya kumi. Timu ile haikuwa imechukua ubingwa tangu 1908. Mzee mmoja tuliyekuwa tunapanga naye mizigo aliinamisha kichwa mezani akalia. Aliniambia baba yake alizaliwa, akazeeka na akazikwa bila kuuona ubingwa huo. Kesho yake akaniletea kadi tatu za zamani za Cubs, zawadi tu. Nikaanza hapo.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha habari za Ernie Banks. Alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Cubs, Septemba 1953, akitokea Kansas City Monarchs ya ligi za watu weusi. Jezi namba 14. Akapiga homu rani (mpira kupigwa hadi nje ya uwanja) 512, akawa mchezaji bora wa ligi 1958 na tena 1959, huku timu yenyewe ikifungwa kila kukicha. Hakuwahi kucheza fainali hata moja. Alifariki Januari 2015, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya ubingwa. Kadi yake ya kwanza ni ya kampuni ya Topps ya 1954, namba 94. Kwangu mimi, mtu mweusi niliyekuja kutafuta maisha katika mji huu, kadi hiyo haikuwa karatasi. Nilikuwa naiwekea akiba miaka miwili.

Huyu mtu alianza na salamu. "Shikamoo kaka, nimeona unakusanya Cubs. Mimi pia wa nyumbani." Ukiwa ughaibuni unajua neno hilo linavyokulainisha. Tukaongea wiki nzima bila yeye kutaja biashara. Akaulizia watoto, akaulizia baridi. Halafu akaniuzia kadi chache za 2016, Bryant, Rizzo na Báez, kwa dola 35. Zilifika kwa siku nne, zimefungwa kitaalamu: mfuko laini, kasha la plastiki, kadibodi pande zote mbili. Zilikuwa halali kabisa. Chambo huwa halali siku zote, na hili naomba mlishike. Watu wengi husema "nilishanunua kwake, hana shida". Hata mimi nilisema hivyohivyo.

Wiki mbili baadaye akaandika: "Kaka, mama amelazwa nyumbani, nalazimika kuuza Banks wangu. Wengine nawaambia dola 1,200. Wewe ni ndugu, leta 850." Picha ilionyesha kadi ndani ya kasha gumu la kampuni ya kupima uhalali na ubora wa kadi, imepewa alama 4 kati ya 10, namba ya cheti inasomeka. Nikaingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni. Ikatoka: Banks, Topps 1954, alama 4. Nikapumua. Akaniomba nitume pesa kwa kile kipengele cha rafiki au ndugu kwenye programu ya kulipia, "ili tusikatwe makato". Nikatuma. Siku iliyofuata akaniongezea mpira, anadai Banks aliusaini msimu wa 1969, kwa dola 150. Nikatuma tena.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka mlielewe. Namba ya cheti ilikuwa ya kweli. Kadi haikuwa ya kweli. Matapeli huchukua namba kutoka kwa kadi halali iliyouzwa mnadani, wanachapa lebo yenye namba hiyo, wanaiweka kwenye kasha la kuiga au kasha halisi lililopasuliwa na kugundishwa tena. Ukiingiza namba unapata majibu mazuri, kwa sababu kadi hiyo kweli ipo, iko kabatini kwa mtu mwingine. Kuangalia namba peke yake ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Niligundua kwa bahati. Nilikuwa na wiki tatu za furaha, kadi iko juu ya rafu, ndipo nikaipeleka kwenye duka la kadi kumwonyesha yule mzee wangu na muuzaji rafiki yake. Muuzaji hakusema neno. Alichukua kadi yangu moja ya 2016, akaiweka juu ya ile ya Banks. Zikalingana pande zote nne. Akaniuliza, "Unaona?" Sikuona. Akanieleza kwamba kadi za Topps za 1954 ni kubwa kuliko za leo, inchi 2⅝ kwa 3¾, na kwamba ukubwa huu wa leo, inchi 2½ kwa 3½, Topps walianza nao 1957. Kadi ya 1954 haiwezi kulingana na ya 2016. Nilikuwa na kipimo nyumbani muda wote, kadi zilezile alizoniuzia tapeli mwenyewe.

Kisha akachukua kioo cha kukuzia na kunionyesha herufi. Katika chapa ya zamani, maandishi meusi ni wino uliojaa, kingo zake zimenyooka. Zangu zilikuwa vitone vitone, maana kadi ilipigwa picha kisha ikachapwa upya. Akafungua tovuti ya kampuni, safari hii akatafuta picha ya kadi yenye namba ile, si maelezo tu. Kwenye picha kona ya chini ya kulia imekunjika. Yangu kona zote zimesimama. Mimi nilisoma maandishi tu nikafunga simu.

Nakala zenyewe si kosa. Topps wametoa nakala za kadi zao za zamani mara kadhaa, na mtoto akiwa na nakala ya Banks ya dola mbili tatu ni jambo zuri. Kosa ni kuifungia ndani ya kasha na kuiuza kama ya 1954. Na kadi hiyo ina mtego mwingine unaowaumiza wazazi wasioijua: mbele yake kuna saini ya Banks iliyochapwa kiwandani, kama zilivyo nyingine za mwaka ule. Nimeshaona mtu akiuza nakala yake kuwa "imesainiwa na mkono wake". Tazameni kwa kioo. Saini ya kalamu hukaa juu ya picha, inang'aa tofauti ukiinamisha kadi kwenye mwanga.

Mpira ulikuwa uongo mbaya zaidi, na ulichukua dakika moja kuuvunja. Muuzaji alisoma chapa ya kiwandani: ilikuwa na jina la Selig, aliyekuwa kamishna wa besiboli. Mipira ya ligi kuu ilianza kuwa na chapa hiyo moja kwa ligi zote mbili mwaka 2000. Kabla ya hapo mipira ya National League, ligi ya Cubs, ilikuwa na jina la rais wa ligi hiyo, na mwaka 1969 rais alikuwa Warren Giles. Kwa hiyo Banks aliusaini 1969 mpira uliotengenezwa zaidi ya miaka thelathini baadaye! Ulikuwa pia na kibandiko kinachometameta (hologramu), na karatasi ya cheti ya kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Mpango rasmi wa uthibitisho wa MLB, yaani ligi kuu ya besiboli, ulianza 2001, na msingi wake ni kwamba lazima awepo shahidi anayeona mchezaji akisaini au kifaa kikitumika uwanjani. Saini ya 1969 haiwezi kuwa na hologramu yao. Akikwambia inayo, ondoka.

Msidhani haya yanawapata wageni tu. Miaka ya tisini FBI walianza hapahapa Chicago kufuatilia saini bandia za Michael Jordan, na kazi hiyo ikazaa msako mkubwa wa California uliopewa jina Operation Bullpen. Walikamata genge lililokuwa linaghushi saini kwa maelfu. Wakakuta hata mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa. Na mnada mkubwa wa kadi kuliko yote nchini, uliokuwa katika vitongoji vya mji huu, mwenyewe Bill Mastro alikiri mahakamani 2013 kwamba alipandisha bei kwa wanunuzi wa uongo, na kwamba aliikata kingo, ili ionekane haijachakaa, kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa zamani, iliyokuja kuuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Alihukumiwa miezi 20 mwaka 2015. Kadi hiyo iliyokatwa ilikuwa ndani ya kasha lenye alama 8. Wataalamu wameingizwa mjini, matajiri wameingizwa mjini. Kwa hiyo mtu asione aibu kuuliza kabla ya kununua, na aliyelizwa asione aibu kusema. Dada wa Ohio alinyamaza miezi minne kwa aibu, na katika miezi hiyo minne mimi nilipigwa.

Kuhusu pesa. Kipengele cha rafiki au ndugu hakina ulinzi wowote wa mnunuzi. Umetoa zawadi, basi. Kipengele cha kununua bidhaa kina makato kidogo, nayo makato hayo ndiyo yanayokupa haki ya kudai. Bora zaidi ni kulipa kwa kadi ya mkopo, maana benki inaweza kuurudisha muamala. Muuzaji anayekataa njia hizo kwa kisingizio chochote, mama mgonjwa, makato, akaunti imefungwa, huyo usibishane naye. Dada wa Ohio aliambiwa atume kwa njia ya simu kwa "shangazi" Afrika Mashariki. Pesa ikishafika huko hairudi.

Kama unataka kadi ya zamani ya bei kubwa, mwombe muuzaji video siyo picha, kasha likigeuzwa mbele na nyuma kwenye mwanga, na tarehe ya leo imeandikwa kwenye karatasi pembeni. Aweke kadi ya kisasa kando yake uone ukubwa. Linganisha na picha ya cheti kama ipo, kona kwa kona. Nunua pia kadi ya bei rahisi ya mwaka uleule, ya mchezaji asiyejulikana. Kuwa nayo mkononi kutakufundisha karatasi, rangi na uzito kuliko maelezo yangu yote haya. Na kama kuna duka la kadi karibu nawe, nenda. Huyu wa kwetu hakunidai hata senti.

Nimeshapeleka malalamiko IC3, ile ofisi ya FBI ya uhalifu wa mtandaoni, na kwa wakaguzi wa posta ya Marekani kwa sababu kifurushi kilipita posta. Hawajanirudishia pesa na sitegemei. Ila kila malalamiko yanayomtaja mtu mmoja yanaongeza uzito.

Mtamtambua hivi. Kwenye picha zake kadi ya Banks iko juu ya kitambaa cha meza chenye miraba ya buluu na nyeupe. Kasha lina mkwaruzo mrefu upande wa juu kulia, unaopita juu ya lebo. Huanza na shikamoo hata kwa mtu wa umri wake. Huulizia watoto kabla ya kadi. Huuza kitu kidogo cha halali kwanza, halafu baada ya wiki mbili mama huugua. Kadi niliyonayo mimi bado iko kwangu, kwa hiyo mkiona anauza nyingine yenye picha zilezile, ana zaidi ya moja.

Bahasha, kadi, mpira na mazungumzo yetu yote nimevihifadhi. Aliyelizwa na mtu huyu aniandikie faraghani, tuyapeleke malalamiko yetu pamoja.