TAHADHARI: Steini ya "majira yote" na kichupa cha "dawa ya baridi"

Ndugu zangu, kama una mlango, ngazi au uzio wa mbao unaotaka kuupaka steini (rangi ya mbao inayopenya ndani ya ubao) kipindi hiki cha baridi, soma hapa kabla hujatoa hela.

Nilinunua kopo la steini ya mafuta lenye stika kubwa: "Hupakwa majira yote." Muuzaji akaniongezea kichupa kisicho na maandishi, akakiita dawa ya baridi. Nimimine humo, nipake, kesho yake pakavu. Nikamwamini, maana aliongea kifundi kabisa.

Siku ya 4 mlango ulikuwa bado unanata. Nilibonyeza kidole gumba, alama ikabaki na mistari yake yote. Vumbi limeshika, unyoya wa ndege umenasa kwenye fremu. Ndipo nikabandua ile stika kwa ukucha. Chini yake kuna maelekezo ya kiwanda: usipake joto likiwa chini ya nyuzi 10 au juu ya 32. Mtu aliyafunika makusudi! Kichupa nacho nilikinusa vizuri safari hii: mafuta ya taa.

Steini ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza kiyeyushi kinaruka hewani, kisha mafuta yenyewe yanashikana na oksijeni hadi yawe magumu. Baridi inachelewesha zote mbili, na mafuta ya taa, ambayo huruka polepole, yanazidi kuharibu. Tena usiangalie joto la hewa peke yake. Ubao ulio kivulini huwa wa baridi zaidi, na usiku umande ukitua juu ya rangi mbichi unaacha mabaka. Ndiyo maana wanaoijua kazi huanza jua likishapasha ubao, wakaacha mapema mchana, na huulizia kwanza usiku utakuwaje.

Muuzaji huyohuyo anauza kwa bei ya kutupa makopo ya steini ya maji yaliyogandishwa na baridi stoo. Omba ufungue, ukoroge kwa kijiti kabla ya kulipa. Ikija mabongemabonge kama maziwa yaliyokatika, iache hapohapo. Hairudi hata ukoroge siku nzima.

Nilipomrudia alisema nimepaka nene mno. Si kweli, nilipaka nyembamba na ziada nikaifuta kwa kitambaa. Hela hakurudisha. Sasa nausugua mlango kwa tapentaini, na msasa nitapiga joto likirudi. (Matambara ya kazi hii yakunjue, yaanike nje moja moja. Yakirundikwa yana mafuta, yanaweza kujiwasha yenyewe.)

Ukikutana na kopo la namna hiyo, mwambie muuzaji abandue stika mbele yako. Akikataa, usinunue.